Mke Wangu Hajui Nani Alimuunguza Kisigino

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo, na kama umri wako ni mdogo kwangu basi iweke akiba utaitumia ukikua. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na minne, nina mke, na maji yamenifika shingoni ndiyo maana nimeshika kalamu, kwa sababu jambo hili siwezi kumwambia mtu yeyote anayenijua kwa sura.

Kazi yangu ni fundi wa plasta hospitalini, yaani mtu akivunjika mguu au mkono na daktari akishaunyoosha mfupa, mimi ndiye ninayemfunga ile bandeji nyeupe inayokauka ikawa ngumu, na mimi ndiye ninayeikata kwa msumeno wiki sita baadaye, kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa na sijawahi kumkata mgonjwa wala kumuunguza, naomba ulikumbuke hilo kabla hujanihukumu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba plasta ikianza kukauka hutoa joto lake yenyewe, na ukiiloweka kwenye maji ya moto inawahi kukauka lakini joto linazidi, ukiongeza tabaka linazidi tena, ukiilaza juu ya mto joto linakosa pa kutokea, ndiyo maana sisi tunatumia maji ya baridi, tunatanguliza pamba kwenye ngozi, na tunapitisha kiganja juu yake kila mara mpaka ipoe. Hayo mtu anafundishwa siku ya kwanza.

Mke wangu ni msanii, lakini hachori wala haimbi, kifaa chake ni mwili wake. Aliwahi kusimama sokoni kutwa nzima na tofali kichwani bila kusema neno, aliwahi kukaa kwenye dirisha la duka la fanicha siku tatu kati ya viti vilivyobandikwa bei, na watu wengine humwita shujaa na wengine humwita mwehu, mjomba wake amesusa kuja kwetu mpaka mpwa wake huyo atakapotafuta kazi ya mtu mwenye akili timamu. Mimi nilimpenda akiwa hivyo hivyo na sijutii.

Sasa mama yake, mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alipooza akalala kitandani mwaka mmoja na miezi minane nyumbani kwa shemeji yangu. Mke wangu alikwenda kila Jumapili, anakaa kwenye kiti, anampa habari za mjini, anamlisha papai kwa kijiko, anambusu anaondoka, na hakuwahi hata siku moja kuinua shuka. Siku walipoinua walikuta kisigino cha kushoto kimeoza mpaka mfupa unaonekana, na mama hakuwa amesema kwa sababu hakuwa na uwezo wa kusema, na wiki chache baadaye akafariki mapafu yakiwa yamejaa maji. Miaka sita mke wangu hakuweza kutandika kitanda chetu bila kusimama kwanza ameshika shuka mkononi, analitazama tu, mpaka nikaichukua kazi hiyo mimi.

Mwaka jana wakati wa baridi akaniambia anataka kulala kwenye kitanda cha chuma katikati ya ukumbi wa maonyesho, nimfunge plasta miguu yote miwili na mikono yote miwili mbele ya watu, kisha alale hivyo kwa muda wa saa nne bila kusogea, na kando yake kuwe na kiti kimoja, anayetaka aje akae. Pamba hakuitaka, alisema mama hakuwekewa pamba. Nilibisha, nikabisha, mwisho nikakubali nimpake mafuta tu, nikajiambia heri nifunge mimi ninayejua kuliko mwingine, na tena, mshauri, leo nimeamua kusema yote, kwenye tangazo waliandika kwamba kazi ile ni yetu sisi wawili, na hospitalini miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumpigia makofi mtu wa plasta.

Tulipatana ishara, akizidiwa aulize saa ngapi nami nikate papo hapo. Siku ilipofika maji ya bomba yalikuwa ya baridi kali, vidole vinakufa ganzi, plasta inakawia kukauka, mguu wa kwanza peke yake ulinichukua muda mrefu, watu wakaanza kukohoa na kutazama simu, wawili wakatoka, mwenye ukumbi akaja akaninong'oneza kwamba ukumbi unafungwa saa kumi na mbili, na nyuma ya pazia kulikuwa na birika la maji ya chai ya wageni limetoka kuchemka, basi nikalichukua nikalimimina kwenye beseni, nikafunga mguu wa kushoto kwa maji hayo, kisiginoni nikaongeza tabaka mbili pasije pakapasuka, nikaulaza mguu juu ya mto, na kweli ikakauka upesi, nikapitisha kiganja kama desturi nikakuta pamoto kidogo, nikamalizia mikono, nikainama, watu wakapiga makofi, nikaenda kukaa kwenye kona yangu.

Mke wangu hakuuliza saa. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni maana hakuweza kujifuta, na waliokuja kukaa kwenye kile kiti walipomwona wakalia nao, mzee mmoja alikaa nusu saa amemshika ncha za vidole, na mimi nilijua mke wangu analilia mama yake. Nilipokata jioni nikakuta kisiginoni lengelenge kubwa kama yai, na chini yake nyama imegeuka rangi. Kidonda kilichukua miezi mitatu kupona, mwezi mmoja alitembelea fimbo, na daktari aliponiuliza nikasema labda katoni ile ya plasta ilikuwa na kasoro, naye akaandika hivyo.

Baada ya hapo likazuka zogo redioni, huyu anasema mwanamke huyu afungwe, yule anasema mumewe ndiye afungwe, na mke wangu akaitwa kuhojiwa. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikamsikia anasema, "Mama alinijibu. Kidonda chake alinipa mimi, kisigino kile kile. Sasa najua amenisamehe." Nikafungua bomba kwa nguvu nisisikie zaidi. Tangu siku ile, mshauri, mke wangu ni mtu mwingine, anakula, anacheka, anatandika kitanda, picha ya mama yake ameitoa kwenye droo ameitundika sebuleni, na mimi kila nikiinua kinywa niseme naiona ile picha nafunga kinywa.

Ningenyamaza mpaka kufa, lakini sasa anataka kifua. Anataka afungwe kutoka shingoni mpaka kiunoni, mbele na nyuma, alale kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, bila pamba, kwa sababu mama alikufa akitafuta pumzi, na anasema anaungoja ule moto uje tena. Kifua hata hospitalini hatukifungi bila daktari kusimama pale na bila kuacha tundu tumboni, maana mtu akipumua lazima pawe na pa kupandia, na kukikata si jambo la dakika moja. Nimekataa, nimetaja mgongo wangu, nimetaja zamu, nimetaja uhaba wa plasta. Yeye akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Wewe unaogopa kwa sababu hukuhisi. Mimi nilihisi, na sikufa." Kisha akaenda kumtafuta fundi wa dari, yule anayemwaga jasi, unga ule ule wa plasta, kutengeneza maua ya darini kwenye nyumba za watu, na fundi huyo amekubali, ameniambia amepamba dari arobaini na hakuna hata moja iliyolalamika. Siku waliyopanga ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Basi ninachouliza ni hiki, nikimwambia ukweli nitakuwa nimemnyang'anya msamaha wa mama yake, atarudi kule kwenye kushika shuka, na huenda asinitazame tena, na nisipomwambia atafungwa na mtu wa dari, au nirudi nikubali kumfunga mimi kwa maji ya baridi, afanye kazi yake, tuishi kama tunavyoishi, kwani heri mimi ninayejua. Naomba unisaidie, nichague lipi?

Ni mimi, Fundi wa Plasta

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, na nimeipokea kwa haki, maana wajukuu ninao.

Barua yako imenifika Jumanne. Nimemwomba mhariri aitoe leo, aweke kando zote zilizotangulia, na yule dada aliyeniandikia habari za mawifi zake watatu anivumilie wiki moja.

Pole kwanza. Kuishi na siri mwaka mzima katika nyumba moja, ukiosha vyombo huku mkeo analisifia redioni jambo ulilomfanyia wewe, si kitu kidogo. Nimekuonea huruma kweli. Huruma hiyo naomba uiweke mfukoni, kwa sababu sasa nitakusema.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeufichua nusu. Umeniandikia habari za birika mpaka nimeona mvuke wake, na birika ni kosa, sibishi, lakini ni kosa la mtu mwenye haraka na vidole vya ganzi. Mahali uliponiumiza mimi ni pale ulipopita mbio: ulipitisha kiganja ukakuta pamoto kidogo. Kidogo? Kiganja cha miaka kumi na tisa? Wewe mwenyewe umetufundisha sote, mwanzoni mwa barua yako, kwamba kiganja hicho kazi yake ni hiyo. Kilikuambia. Msumeno ulikuwa nao. Ukainama, ukapigiwa makofi, ukaenda kukaa. Hujatubu birika, ndugu yangu, mpaka umetubu kiganja, na nadhani unalijua hilo, ndiyo maana ukalificha katikati ya sentensi ndefu kama treni.

Na hiyo ishara yenu ya kuuliza saa, nani aliipanga? Mtu amekuja kulala pale kwa nia ya kuvumilia alichovumilia mama yake, halafu mnamkabidhi yeye peke yake ufunguo wa kusimamisha. Asingeuliza saa hata kama kitanda kingewaka. Wewe uliyeketi kwenye kona ndiye uliyepaswa kusimamisha, na hilo hukuhitaji kuulizwa.

Sasa najua wasomaji wangu. Kesho nitapata gunia la barua zikisema mwanamke huyu ana wazimu, apelekwe akaombewe. Msiniandikie. Mimi binafsi siwezi kwenda kumtazama mtu akilala kwenye plasta, ningetoka na wale wawili wa kwanza. Lakini ni mtu mzima. Bondia anapanda ulingoni, mpiga mbizi anashuka kuzimu ya maji, mama anaingia leba, na hakuna anayewauliza kama wana akili. Mwili ni wake. Anayeuhatarisha mwili wake macho yakiwa wazi, akijua kamba ina nguvu gani na chini ni mbali kiasi gani, namwachia yeye na Mungu wake. Mkeo hajui. Anadhani anaujua moto, kumbe anayeujua ni wewe. Jumamosi ijayo anakwenda kulaza kifua chake juu ya hesabu uliyoikosea wewe, na ushahidi wake wote kwamba hatakufa ni kisigino ulichokiunguza. "Nilihisi, na sikufa." Maneno hayo yamenitia baridi. Hakufa kwa sababu kilikuwa kisigino.

Kuhusu msamaha wa mama. Hapa nitasema polepole, kwa sababu hapa ndipo mapenzi yako yalipo, na nayaona. Mimi sijui wafu husamehe kwa njia gani. Nilimuuguza mama mkwe wangu miezi tisa na kuna siku nilimgeuza kwa hasira, na sijapata jibu mpaka leo. Lakini najua hivi: usemi wetu wa mwenye kovu usidhani kapoa ni wa kweli zaidi kwa mkeo kuliko kwa mtu yeyote. Angekuwa amepoa, asingetaka kifua. Mtu aliyesamehewa harudi kuomba adhabu kubwa zaidi. Unasema anacheka na anatandika kitanda, nami nafurahi, ila furaha hiyo inamdai moto wa pili, na wa pili utadai wa tatu. Msamaha huo unaoulinda kwa ukimya wako unamla.

Tena kuna kitu ambacho birika halikukifanya, na ukimwambia ukweli umwambie na hiki. Aliweka kiti kando ya kitanda, na watu wasiomjua wakaja wakakaa. Yule mzee alimshika vidole nusu saa. Kitu ambacho yeye hakuweza kumfanyia mama yake, amewafundisha watu ukumbi mzima kukifanya. Hicho ni chake, kilitokea kweli, na hakuna maji ya chai yanayoweza kukifuta. Huenda siku hiyo asikusikie ukimwambia. Mwambie hata hivyo.

Nakuja kwenye la kufanya. Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda kwa huyo fundi wa dari. Usigombane naye. Mweleze jasi linafanya nini kwenye kifua kinachopumua, mwambie dari hazilalamiki kwa sababu hazina mapafu, na mwambie kwamba akimfunga mtu akafa, mkono utakuwa wake. Mtu wa kazi akielezwa kazi huelewa. Mpigie na mwenye ukumbi, yeye asikie kutoka kwako kwamba mwaka jana mtu aliungua chini ya paa lake kwa sababu ya haraka, na kwamba haraka hiyo uliletewa sikioni na yeye ukaikubali wewe.

Kisha mkeo. Mwambie mchana, mkiwa wawili, akiwa amekaa, simu mmezizima. Lete mabeseni mawili, moja la maji ya bomba, moja la maji ya birika. Chukua mitungi miwili midogo iliyojaa maji, ifunge plasta kama ulivyomfunga yeye, tabaka zile zile, uiweke juu ya mto. Mwache aweke kiganja chake mwenyewe kwenye huu, halafu kwenye huu. Usiseme kitu mpaka ameondoa mkono. Halafu sema mambo matatu: nilimimina birika, nilisikia joto, nikakuacha. Ukiona neno "lakini" linapanda kooni, limeze. Habari za baridi na za mwenye ukumbi na za watu kukohoa asikie siku nyingine akitaka, si siku hiyo.

Keshokutwa yake nenda kwa daktari ukamwambie katoni haikuwa na kasoro. Huenda ukaadhibiwa kazini. Uadhibiwe. Kuna mahali katika hospitali hiyo pameandikwa uongo kwa mkono wa mtu aliyekuamini.

Na hiyo hoja yako ya mwisho, kwamba umfunge kifua wewe kwa maji ya baridi kwa kuwa heri wewe unayejua, nairarua hapa mbele yako. Ndiyo hoja iliyomuunguza mara ya kwanza. Kujua kwako hakukumsaidia, kwa sababu siku hiyo hukutaka kujua. Kifua hakifungwi. Akishasikia yote akasema bado anataka kulala mbele ya watu, hilo ni lake, na mzungumze kama watu wazima: plasta ilazwe upande wa mbele tu bila kuzungushwa, juu ya pamba, daktari akiwa chumbani, na mtu asiyempenda wala asiyempigia makofi ndiye ashike amri ya kusimamisha. Asipotaka masharti hayo, wewe usiwepo, na uwaambie wote kwa nini hukuwepo.

Umeniuliza kama atakutazama tena. Sijui, na sitakudanganya ili ulale vizuri. Anaweza kulia wiki nzima. Anaweza kuishusha picha ya mama yake, na anaweza kukuona wewe mtu aliyemtazama akiungua, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa siku ile. Anaweza kufungasha. Akifungasha usimzuie mlangoni, na usimwambie ulifanya kwa mapenzi. Mbebee sanduku mpaka nje kama atakuruhusu, kisha simama umtazame. Atakuwa anaondoka kwa miguu yake mwenyewe, na atakuwa anapumua.